Seve Ballesteros: mtoto wa fimbo moja na mchanga wa Pedreña

Mwaka wa 1978 mashindano ya Kenya Open yalichezwa Nairobi, kwenye tereni ya Muthaiga, na aliyenyakua kombe alikuwa kijana wa Hispania, Severiano Ballesteros. Wengi walimwita Seve tu. Wakati ule alikuwa bado hajashinda yale mashindano makubwa ya Uingereza yaliyofikisha jina lake hadi kwa watu wasiojua gofu inachezwaje. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mpira uleule, ukipigwa kwa nguvu ileile, unaenda mbali kuliko ungepigwa kando ya bahari. Mchezaji aliyezoea kusoma mita kwenye karatasi anasumbuka sana siku za kwanza. Seve aliamini macho na mikono kuliko karatasi, na mikono ile ilikuwa na historia yake.

Hapa Uvira gofu ni mchezo wa kusikia redioni. Kinshasa kuna tereni, Lubumbashi kuna tereni, hata Bujumbura hapo ng'ambo, lakini kwa kijana wa Mulongwe huo ni mchezo wa watu wa mbali. Basi, kwa kifupi: mchezaji anapiga mpira mdogo, mgumu, kwa fimbo, mpaka uingie ndani ya shimo dogo lililo pengine mita 150, pengine mita 500. Mashimo ni 18, na mwenye mapigo machache njo mshindi. Kila mtu anaruhusiwa kubeba fimbo 14, sababu kila fimbo ina kazi yake. Zile za chuma zina namba. Namba ndogo, kama 3, uso wake unakaribia kusimama wima, mpira unaruka chini chini na kwenda mbali. Namba kubwa, kama 9, uso umelala, mpira unapanda na kuanguka karibu. Kuna nyingine zilizolala zaidi ya hizo, zinaitwa weji. Hizo ni za kazi ya karibu na shimo: kutoa mpira mchangani, kuurusha juu ya kichaka, kuudondosha polepole juu ya majani yaliyokatwa kama zulia. Watu wanapiga makofi kwa pigo refu, lakini pesa nyingi za gofu zinapatikana na kupotea pale karibu, kwenye mapigo mafupi.

Seve alizaliwa tarehe 9 mwezi wa nne 1957 huko Pedreña, kijiji cha kaskazini mwa Hispania, kwenye ghuba inayotazamana na mji wa Santander. Baba yake, mzee Baldomero, alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wachache, tena mpiga kasia hodari. Kule Pedreña mashindano ya mitumbwi mirefu ni heshima ya kijiji kizima, jambo ambalo mvuvi wa Kalundu analielewa bila kuelezwa. Mama yake aliitwa Carmen. Kaka wa mama, yaani mjomba wake Ramón Sota, alikuwa kati ya wachezaji bora wa gofu Hispania, na mwaka wa 1965 alimaliza wa sita kwenye mashindano ya Masters, Marekani. Kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, wote wakawa wachezaji wa kulipwa.

Mtu anaweza kufikiri kwamba, kwa familia ya namna hiyo, mtoto alikulia ndani ya tereni akicheza anavyotaka. Hapana. Tereni ya Pedreña, iliyofunguliwa mwaka wa 1928, ilikuwa ya wenye mali. Watoto wa kijiji waliingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa kazi: walibeba mifuko ya fimbo za wakubwa, wakatafuta mipira iliyopotea, wakalipwa, wakarudi nyumbani. Kucheza walikatazwa, isipokuwa siku moja kwa mwaka, siku ya mashindano ya wabeba mifuko wenyewe. Na nyumba ya akina Ballesteros ilikuwa jirani kabisa na tereni. Ng'ombe wa baba upande huu, majani laini ya wakubwa upande ule, na katikati katazo.

Kwa hiyo mtoto akajitengenezea gofu yake. Mwanzoni ilikuwa kichwa cha fimbo kilichotupwa, akakichomekea kijiti, na mawe ya pwani yakawa mipira. Kiisha, alipokuwa na miaka minane hivi, kaka yake Manuel akampa fimbo nzima, kuukuu, chuma namba 3. Moja tu. Kati ya fimbo 14 ambazo mchezaji kamili anabeba, mtoto huyu alikuwa na ile ambayo ni ngumu kuliko karibu zote kwa kazi ya mapigo mafupi. Uso wake umeinama digrii 20 na kitu tu, wakati ile weji ya mchangani imelala kwenye digrii 56 hivi. Ni kama kumpa mtu panga la kukatia miwa, kiisha kumwambia amenye nalo kitunguu.

Tereni yake ilikuwa pwani. Bahari ya kule si kama Tanganyika yetu, ambayo inakaa palepale asubuhi na jioni. Maji yake yanatoka na kurudi kila siku. Yakitoka, yanaacha mchanga mpana, mahali pengine umelowa na kuwa mgumu kama sakafu, mahali pengine mkavu na laini. Seve alichimba vishimo humo, akapiga, akafuata, akapiga tena. Saa nyingi, siku nyingi. Na usiku wenye mbalamwezi alijipenyeza ndani ya tereni ya wakubwa na kucheza mashimo machache gizani. Mpira ukipigwa gizani macho hayaufuati. Mchezaji anajua ulikoenda kwa mlio wa chuma na kwa namna pigo lilivyofika viganjani.

Inafaa kukaa kidogo hapa, sababu yote yaliyokuja nyuma yalitoka hapa.

Mchanga uliolowa ni mwalimu mkali. Ni mgumu, hausamehe. Fimbo ikigusa chini nyuma ya mpira kidogo tu, inadunda na kuupiga mpira kwenye tumbo, nao unaruka chini chini kama jiwe. Inabidi chuma kiukute mpira kwanza, mchanga baadaye. Mchanga mkavu unataka kinyume chake: fimbo iingie nyuma ya mpira, ipite chini yake, na mpira utoke umebebwa na mchanga wenyewe. Mtu mwenye weji anasaidiwa na umbo la fimbo yake, sababu upande wa chini una tumbo nene linaloteleza ndani ya mchanga kama kitako cha mtumbwi juu ya maji. Tumbo hilo lilipata umaarufu kwa Gene Sarazen, Mmarekani aliyechomelea madini chini ya fimbo yake na kushinda nayo Open ya Uingereza mwaka wa 1932. Chuma namba 3 hakina tumbo la namna ile. Chini yake ni kwembamba, na kikiingia mchangani kinataka kuzama.

Mtoto afanyeje? Alifungua uso wa fimbo, akaulaza kwa kuugeuza mkononi kabla ya kuushika, mpaka namba 3 ikawa na sura ya namba 9. Ukiulaza hivyo, uso unatazama kulia, basi miguu na mabega vinabidi vigeukie kushoto ili mpira uende mbele. Alishusha mikono karibu na magoti. Alisogeza mpira mbele karibu na mguu wa kushoto alipotaka upande juu, akaurudisha karibu na mguu wa kulia alipotaka utambae. Alipiga kwa kukata, fimbo ikitoka nje na kuja ndani, ili mpira uzunguke na kusimama haraka. Hakuna kitabu kilichomwambia hayo. Kila pigo liliharibika kwanza mara nyingi, na mchanga ulimwonyesha kosa papo hapo, kwa alama iliyobaki chini. Ukubwani alikuwa akiwaonyesha watu jinsi ya kutoka kwenye shimo la mchanga kwa kutumia chuma namba 3, na wachezaji wenzake waliomzidi kwa mapigo marefu walisimama pembeni wakitazama, sababu wao hawakuweza.

Akiwa na miaka 12 alishinda mashindano ya wabeba mifuko wa Pedreña. Mwaka wa 1974, bado na miaka 16, akawa mchezaji wa kulipwa.

Dunia ilimwona mwaka wa 1976, kwenye Open ya Uingereza huko Royal Birkdale. Alikuwa na miaka 19, na baada ya siku tatu njo alikuwa mbele ya wote. Siku ya nne mapigo yake marefu yalitawanyika, Johnny Miller wa Marekani akampita na kushinda kwa mbali. Lakini lililobaki kwenye kumbukumbu za watu ni pigo moja dogo la shimo la 18. Mpira wa Seve ulikuwa kushoto ya majani ya shimo, na kati yake na bendera kulikuwa na mashimo mawili ya mchanga yaliyoacha njia nyembamba katikati. Kawaida mchezaji pale anachukua weji, anarusha juu, anaomba Mungu. Yeye aliuacha mpira utambae. Aliupiga chini, ukapita ule upenyo kati ya mashimo mawili, ukadunda kwenye ardhi kavu, ukasimama karibu na shimo. Akaumalizia, na kwa pigo lile akalingana na Jack Nicklaus kwenye nafasi ya pili. Mwenye mazoea na pwani ya Pedreña hangeshangaa. Wengine walishangaa sana.

Mwaka huohuo alishinda mashindano ya Uholanzi, na kwa miaka mitatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978, alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya pesa ya wachezaji wa Ulaya. Nairobi iliingia katika mbio hizo. Mwaka ule wa 1978 alishinda pia Greensboro, Marekani, na Japan Open, kwa hiyo Afrika, Amerika, Asia na Ulaya zote zilimpa kombe ndani ya mwaka mmoja. Wakenya wengi waliokuja kuwa wachezaji wa kulipwa walianza kama yeye, wakibeba mifuko ya wengine, na si ajabu kwamba jina lake lilikaa Nairobi kuliko la washindi wengi waliopita pale.

Kiisha kukaja Royal Lytham, 1979. Open tena. Siku ya mwisho alikuwa akipiga pigo la kwanza kwa nguvu zote na mpira ukienda popote: majani marefu, mchanga, hata kati ya watazamaji. Kwenye shimo la 16 ulikwenda kulia mpaka ukasimama kwenye sehemu ya kuegeshea magari. Magari yakasogezwa, sheria ikamruhusu kuudondosha mpira mahali pazuri, na kutoka pale akachukua weji ya mchangani, akaufikisha kwenye majani ya shimo, akaumalizia kwa pigo lililofuata. Yaani pale ambapo mwingine angepoteza mapigo mawili, yeye alipata moja. Alishinda kwa mapigo matatu mbele ya Ben Crenshaw na Nicklaus. Alikuwa na miaka 22, na kutoka bara la Ulaya hakuna mtu aliyekuwa ameshinda Open ile tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka wa 1907.

Wapo waliomcheka kwamba ameshinda akitokea kwenye magari. Kejeli hiyo haikuwa na haki. Kupotea njia kunampata kila mchezaji. Kurudi kutoka mahali pale kwa weji moja, siku ya mwisho, mbele ya Nicklaus, ni kazi ambayo wachache duniani wangeweza kuifanya.

Mwaka uliofuata, 1980, alishinda Masters kule Augusta. Mzungu wa Ulaya hakuwa ameshinda pale hata siku moja. Akarudia mwaka wa 1983. Mwaka huohuo wa 1983, kwenye Ryder Cup, ambapo ekipe ya Ulaya inapambana na ekipe ya Marekani, alikuwa Florida akicheza na Fuzzy Zoeller. Kwenye shimo la mwisho mpira wake ulikaa ndani ya shimo la mchanga, mbali kabisa na bendera. Mtu mwenye akili zake anachukua chuma kifupi na kuutoa tu. Seve alichukua fimbo ndefu, ile namba 3 ya mbao, akaukata mpira kutoka mchangani ukaruka zaidi ya mita 200 hadi ukingoni mwa majani ya shimo. Wakatoka sare. Ulaya ilishindwa mwaka ule kwa pointi moja tu, lakini mwaka wa 1985 ilishinda nyumbani, na mwaka wa 1987 ikashinda kwenye ardhi ya Marekani kwa mara ya kwanza. Nguzo ya ekipe ile ilikuwa Seve na Mhispania mwenzake José María Olazábal. Wawili hao walicheza pamoja mara 15, wakashinda 11, sare 2, wakapoteza 2.

Mwaka wa 1984 ulikuwa wa vyuma. Open ilikuwa St Andrews, Uskoti, ambako gofu ni ya zamani kuliko mahali pote, na mpinzani alikuwa Tom Watson aliyekwisha kushinda Open mara tano. Shimo la 17 la pale ni maarufu kwa kuua matumaini ya watu, sababu nyuma ya majani kuna barabara na ukuta. Seve, kutoka kwenye majani marefu ya kushoto, alipiga chuma namba 6 hadi kwenye majani ya shimo. Watson, aliyekuwa nyuma yake kidogo, alichukua chuma namba 2, mpira ukavuka, ukaenda kulala kwenye barabara karibu na ukuta. Kwenye shimo la 18 Seve aliingiza mpira wa mwisho na kurusha ngumi hewani, mara nyingi, akicheka kama mtoto. Picha ile, ya kijana mwenye sweta ya buluu ya giza, njo inayojulikana kuliko zote za maisha yake.

Lakini chuma hichohicho kinaweza kukusaliti. Mwezi wa tatu wa mwaka 1986 mzee Baldomero alifariki. Wiki chache baadaye Seve alikuwa Augusta, siku ya mwisho ya Masters, akiongoza. Kwenye shimo la 15 alisimama na chuma namba 4 mkononi, maji yakiwa mbele ya bendera. Pigo lilikuwa dhaifu, mpira ukaingia majini moja kwa moja. Nicklaus, aliyekuwa na miaka 46 na watu wameshamfanya mzee, akashinda. Seve hakushinda Masters tena maisha yake yote. Wapo wanaosema pigo lile lilimtoa kitu ndani. Labda. Mtu aliyetoka kumzika baba yake hana deni la kueleza pigo moja.

Alijibu mwaka wa 1988, tena Royal Lytham. Mvua ilivuruga ratiba hadi mashindano yakaisha siku ya Jumatatu. Siku ile alipiga mapigo 65, na mwenyewe alihesabu raundi ile kati ya bora alizocheza. Kwenye shimo la 16, lilelile la magari, safari hii mpira ulikuwa katikati ya njia. Alipiga chuma namba 9 ukasimama sentimita chache kutoka shimoni. Kwenye shimo la 18 mpira wake ulitoka nje ya majani, akauviringisha kwa pigo fupi, ukapita kwenye ukingo wa shimo kabisa, ukakosa kuingia kwa kidogo sana. Alishinda kwa mapigo mawili mbele ya Nick Price wa Zimbabwe. Ilikuwa Open yake ya tatu na ushindi wake wa mwisho kwenye yale mashindano manne makubwa.

Mwaka huohuo wa 1988 alimwoa Carmen Botín, binti wa familia ya wenye benki ya Santander. Mtoto aliyebeba mifuko akaingia kwenye familia ya watu waliobebewa mifuko. Ndoa ilidumu hadi mwaka wa 2004 na walipata watoto watatu.

Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu ujanani. Miaka ya 90 ulimshinda. Pigo refu linahitaji kiuno kizunguke kwa nguvu, na kiuno chake kilikuwa kinagoma. Mpira ukawa unakwenda kushoto leo, kulia kesho. Alibadilisha walimu, akajaribu namna hii na namna ile, na kila mmoja alimwongezea mawazo ambayo mtoto wa Pedreña hakuwa nayo. Mikono peke yake haikupotea. Pigo fupi halihitaji mgongo mwingi, linahitaji kumbukumbu ya viganja, na kumbukumbu ile ilibaki nzima. Kwa hiyo watazamaji wa miaka ile waliona kitu cha ajabu: bingwa anayepotea kila mara kama mgeni wa mchezo, kiisha anatoka huko porini kama mchawi.

Mfano mkubwa ni Crans, huko Uswisi, mwaka wa 1993. Alikuwa kwenye shimo la mwisho, akihitaji pigo la ajabu ili kumfikia Barry Lane. Mpira wake ulisimama kulia karibu na ukuta mrefu kuliko mtu, matawi ya miti yakiwa juu, na nyuma ya ukuta kuna bwawa la kuogelea. Mbeba mfuko wake alimsihi autoe pembeni tu, arudi njiani. Seve alikataa. Aliona kijitundu kati ya ukuta na matawi, akachukua weji, akaufungua uso wake kama alivyoufungua ule wa namba 3 zamani, akapiga kwa nguvu zote. Mpira ulipanda juu ya ukuta, ukapita chini ya matawi, ukavuka bwawa, ukaanguka karibu na majani ya shimo. Kutoka pale aliuviringisha ukaingia moja kwa moja. Hata hivyo alishindwa kwa pigo moja. Leo mahali pale pana kibao cha kumbukumbu, cha pigo la mtu ambaye siku ile hakushinda.

Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Spanish Open ya 1995, mbele ya watu wake. Alikuwa ameshinda mara 50 kwenye mashindano ya Ulaya, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Mwaka wa 1997 alikuwa kapiteni wa Ulaya kwenye Ryder Cup, ambayo kwa mara ya kwanza ilichezwa Hispania, huko Valderrama. Alizunguka tereni na kigari kidogo kutoka shimo hadi shimo, akiwaelekeza wachezaji wa kiwango cha dunia namna ya kupiga, jambo lililowachosha wengine wao. Ulaya ilishinda kwa pointi moja. Mwezi wa saba 2007, huko Carnoustie, Uskoti, alitangaza kwamba anaacha.

Mwezi wa kumi 2008 alianguka na kupoteza fahamu kwenye uwanja wa ndege wa Madrid. Madaktari wa hospitali ya La Paz walikuta uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa mara nne. Akarudi nyumbani Pedreña, na mwaka wa 2009 akaanzisha mfuko wenye jina lake wa kusaidia utafiti juu ya ugonjwa ule uliokuwa ukimla. Alifariki nyumbani kwake, tarehe 7 mwezi wa tano 2011, akiwa na miaka 54.

Mwaka uliofuata, 2012, Ryder Cup ilikuwa Medinah, karibu na Chicago, na kapiteni wa Ulaya alikuwa Olazábal. Hadi jioni ya siku ya pili Marekani ilikuwa mbele, 10 kwa 6. Siku ya mwisho wachezaji wa Ulaya walivaa buluu ya giza na nyeupe, rangi ambazo Seve alizoea kuvaa Jumapili, na picha yake ya St Andrews ilikuwa kwenye mifuko yao. Walishinda pointi 14 na nusu kwa 13 na nusu, na Olazábal alilia mbele ya kamera.

Tangu mwaka wa 2015 uwanja wa ndege wa Santander unaitwa Seve Ballesteros. Ndege inapotua pale inapita juu ya ghuba, na ng'ambo ya maji ni Pedreña, mchanga wake ukionekana pale bahari inapotoka.